Nyoka Hakutumwa na Mtu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, Idau alikuwa na kazi moja ambayo hakuiruka. Alichukua fimbo ndefu akagonga nguzo zilizoinua nyumba yao juu ya ardhi, moja baada ya nyingine. Akagonga ngazi. Akagonga rundo la makumbi ya nazi lililokuwa chini ya nyumba. Kisha akasimama, akafumba macho na kusali kwa sauti. Mpaka amalize, binti yake Raka hakuruhusiwa kushuka.

"Tayari, mama?" Raka aliuliza, ameketi mlangoni, miguu inaning'inia.

"Bado. Sijasema amina."

"Kwani nyoka nao wanasubiri amina?"

"Wewe mtoto, mdomo huo utakuja kukuponza. Haya, amina. Shuka."

Raka alikuwa darasa la pili. Alikuwa mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Majirani walisema amemrithi baba yake. Idau akisikia hivyo, alitabasamu kidogo, kisha akageuka kutafuta kazi ya kufanya.

Baba yake Raka aliitwa Vagi. Alifariki Raka akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikuwa akichimba viazi vikuu, nyoka akamuuma kifundoni. Alikuwa yule nyoka mwembamba mweusi, mwenye mstari mwekundu mgongoni. Kijijini walimwita Mgongo Mwekundu, na hawakupenda kumtaja mara mbili.

Katika kijiji hicho, mtu akiumwa na nyoka, watu hawakuuliza kwanza ameumwa sehemu gani. Waliuliza nani amemtuma nyoka. Ndivyo walivyofanya na siku ile. Dairi, kaka mkubwa wa Vagi, aliwaketisha watu chini ya nyumba. Kila mmoja alitakiwa kusema amegombana na nani. Mgonjwa hakuondolewa mpaka maneno yote yatoke, kwa maana iliaminika kwamba neno likibaki moyoni, dawa haifanyi kazi.

Maneno yalitoka, moja likazaa jingine. Mwisho likatajwa jina la jirani yao Gima. Vagi na Gima walikuwa wamebishana juu ya mpaka wa shamba, pale penye mstari wa mipopoo, miti ya popoo za kutafuna. Gima akaitwa. Akakana. Akaitwa tena, akakana tena. Jua likahama upande. Walipokumbuka kumpeleka Vagi barabarani kutafuta gari, alikuwa hawezi tena kumeza mate. Alikata roho njiani.

Tangu siku hiyo nyumba mbili zile hazikuombana moto. Idau hakumtukana Gima, wala hakumwombea mabaya. Aliacha tu. Kanisani Gima akikaa upande huu, yeye alikwenda upande ule. Na alipomfundisha mwanawe habari za nyoka, somo lilikuwa fupi.

"Usikanyage shamba la Gima," alimwambia. "Nyoka wa kule wanalijua jina lako."

Mwaka huo, kiangazi kilipoanza, alikuja muuguzi mpya kwenye kituo cha afya cha barabara kuu. Aliitwa Sista Konio. Alikuwa mtoto wa ng'ambo ya mto, na wanawake wengi walimfahamu mama yake. Siku ya mkutano wa akina mama wa kanisa aliomba nafasi ya kuzungumza na watoto. Akaketi nao kwenye mkeka. Akatoa mfukoni gamba kavu alilolivua nyoka, jepesi kama ganda la kitunguu. Watoto wakarukiana mapajani.

"Halina kitu ndani," alisema. "Mwenyewe amekua, limembana, amelivua. Wewe nguo ya mwaka jana inakutosha? Haya, nani atanieleza nyoka hukaa wapi?"

Raka akanyoosha mkono. "Kwa Gima."

Watu wakaangua kicheko. Idau hakucheka. Mkewe Gima, aliyekuwa nyuma, naye hakucheka.

Sista Konio alitazama huku na huku, akaelewa kwamba amekanyaga mahali penye kidonda. Akaendelea polepole. Aliwaambia watoto kwamba nyoka hukaa penye chakula chake, kama wao wanavyopenda kukaa karibu na jiko. Akauliza nyoka anakula nini. Mtoto mmoja akajibu kwamba anakula watu.

"Nyoka hatafuni, anameza," Sista alisema. "Utaingia wewe na kichwa hicho?"

Watoto wakacheka, na yule mtoto akashika kichwa chake.

Akawafundisha kwamba nyoka wengi wa pale wanatafuta panya. Panya naye anapenda makumbi ya nazi, viazi vilivyowekwa chini, na makombo. Kwa hiyo anayefuga panya amemkaribisha nyoka. Akawaambia kwamba ulimi wa nyoka si mkuki, hauchomi mtu. Anautoa nje ili anuse njia. Hana masikio ya nje kama ya mbwa, lakini anahisi ardhi ikitikisika. Ukikanyaga kwa kishindo, wengi watakupisha kabla hujawaona. Mwili wake hauna joto lake wenyewe, ndiyo maana asubuhi hutoka kuota jua. Chatu anayelala juu ya dari hana sumu, ingawa anaweza kuuma akishikwa. Mgongo Mwekundu ana sumu kali, na akikimbizwa hukasirika. Na yule mfupi mnene anayelala chini ya majani makavu ya mgomba hakimbii hata ukikanyaga kwa kishindo.

"Kwa huyo, macho yatangulie mguu," alisema. "Na mkono usiingie mahali ambapo jicho halijaingia. Nyoka yeyote ukimwona, simama, rudi nyuma taratibu, mwache apite zake. Usimpige. Wengi wanaoumwa huumwa wakitaka kumuua."

Raka alikuwa ametulia muda wote, jambo ambalo si la kawaida yake. Sasa aliuliza, "Na jina langu? Analijua?"

"Nani kakwambia analijua?"

Raka akamtazama mama yake. Idau akautazama mkeka.

Sista Konio hakusubiri jibu. "Nyoka hajui jina la mtu," alisema. "Hajui nani ana dhambi. Hajui mpaka wa shamba. Anajua njaa, anajua joto, anajua woga. Mtu anamuuma kwa woga."

Halafu akamlaza Raka kwenye mkeka, akamfanya mgonjwa. Akawaonyesha watoto namna ya kumsaidia aliyeumwa. Kwanza, mgonjwa asikimbie, asitembee, alale atulie, kwa sababu mwili ukitikisika sumu husafiri. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, lisioshwe. Mguu usifungwe kamba ya kukaza mahali pamoja. Anayemsaidia achukue kitambaa kirefu au nguo iliyochanwa, aanze vidoleni, apande juu mpaka pajani, akibana kwa nguvu ile ya kufunga mguu ulioteguka. Halafu afunge kijiti kirefu pembeni ili mguu usikunjwe. Kisha gari, na kituo cha afya, upesi. Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwa kule kwenye friji.

"Hivi ni kwa nyoka wetu wa hapa," aliongeza. "Nyoka wa nchi nyingine wana sumu ya namna nyingine. Wa huko wawaulize wahudumu wao. Lakini kutulia na kuwahi kituoni, hayo ni ya kila mahali."

Aliwarudisha mwanzo tena na tena. Watoto wakafungana miguu hadi wakaonekana kama samaki waliofungwa kwa majani tayari kuokwa.

Mkutano ulipokwisha, Idau alimfuata Sista nje. Hakupandisha sauti. Alimkumbusha kwamba Kitabu kinasema nyoka alilaaniwa.

"Ni kweli, mama Raka," Sista alijibu. "Na kinasema pia nani alimuumba. Mimi sikuja kubishana na Kitabu. Mjomba wangu aliumwa. Dawa ilikuwepo. Gari lilikuwepo. Kilichokosekana ni muda, maana tuliutumia wote kuulizana nani kamtuma."

Idau aliaga. Alirudi nyumbani na kusimama mbele ya rundo la makumbi. Aliligusa kwa fimbo, panya wawili wakachomoka. Akaliacha vilevile. Lakini usiku, katika sala zake, alimtaja Vagi, kisha akashindwa kuendelea.

Kiangazi kilikolea. Nyasi za mlimani zikawa rangi ya mkeka mkuukuu. Siku moja Dairi na wanaume wenzake wakapanda mlimani na nyavu, mikuki na mbwa. Ndiyo desturi ya pale: nyasi huwashwa moto, kangaruu wadogo wa nchi ile na nguruwe wakikimbia moshi hunaswa kwenye nyavu. Hakuna aliyezunguka mashambani kuwaambia watu. Moshi ndio uliokuwa tangazo.

Idau alikuwa amekaa ngazini anakuna nazi. Raka alikuwa akicheza uani na kuku wao. Baada ya muda Idau aliinua uso, hakumwona mtoto wala kuku. Kabla hajaita, alisikia sauti ya mwanamume ikimwita yeye.

"Idau! Idau, njoo!"

Aliijua sauti ile, ingawa ilikuwa haijamtaja jina kwa miaka. Ilikuwa ya Gima. Mbuzi ya kukunia ikaanguka. Idau akapita penye mipopoo bila kujua kama amevuka mpaka au la.

Raka alikuwa amelala chali katikati ya migomba ya Gima, ametulia kama aliyelazwa na Sista. Gima amepiga magoti, kifua wazi. Shati lake lilikuwa limechanwa vipande virefu, naye anaufunga mguu wa mtoto.

"Siyo hapo, baba," Raka alikuwa akimwelekeza. "Anza vidoleni. Kaza kidogo. Ndiyo hivyo."

Idau akaanguka magotini. Mwanawe amemwita Gima baba. Na mguuni, karibu na kifundo, palikuwa na mikwaruzo miwili midogo ambayo mtu angedhani ni mwiba.

"Mama, usinigombeze," Raka alisema. "Nilimfuata kuku. Nyoka alikuja mbio kutoka kwenye moshi, nami nikamkanyaga. Haikuuma sana. Nilitaka ninyamaze, kwa sababu ulinikataza huku. Halafu nikakumbuka nyoka hajui mpaka. Nikakaa chini, nikamwita baba Gima."

"Alikuwa yupi?" Idau aliuliza, ingawa alikwisha jua.

"Mwenye mstari."

Ndipo Dairi alipotokea na wanaume wengine, wamejaa majivu, mbwa wakihema. Walikuwa wamesikia kelele. Dairi alimtazama mtoto. Akamtazama Gima. Akachomeka mkuki ardhini.

"Ameumwa hapa? Kwa huyu?" alisema. "Baba yake, na sasa mtoto. Basi leo haondoki mtu. Kaeni chini wote. Tutasema."

Mikono ya Gima ikasimama. Wanaume wawili wakaanza kuketi. Idau akakiona kikao kile cha zamani kinarudi, jua likihama upande, na mtu wake akilala katikati bila wa kumbeba. Alimtazama Raka. Raka alikuwa anamtazama yeye.

Idau akasimama.

"Shemeji," alisema, "moto huu nani kauwasha?"

"Sisi. Umeona mwenyewe."

"Na nyoka amekimbia nini?"

Dairi aligeuka kuutazama moshi mlimani.

"Kama lazima tumtafute aliyemtuma, basi tuanze na wewe. Lakini mimi simtafuti mtu. Nilikwisha kaa kikao hicho, nikatoka mjane." Akamgeukia Gima. "Baba, endelea kufunga. Gari lako linawaka?"

Gima alikuwa na gari dogo la mizigo, la kupelekea popoo sokoni. "Linawaka kwa kusukumwa," alisema.

"Basi shemeji atasukuma."

Dairi alisimama pale, mkuki mbele yake, na watu wote wakimngoja. Kisha akauacha mkuki ulipochomekwa. Akakata mwanzi mrefu mkavu, akaupasua kwa panga, akampa Gima aufunge pembeni ya mguu. Wakambeba Raka juu ya mlango wa ghala la viazi ili asikanyage chini. Dairi akasukuma gari. Alisukuma kwa bega, uso umejaa majivu na jasho, mpaka likawaka.

Barabara ilikuwa mbovu. Gima aliendesha kama aliyebeba mayai, lakini hakusimama popote. Idau alikuwa nyuma, amekishika kichwa cha mwanawe mapajani. Alisali bila sauti. Hakuomba kujua lolote. Aliomba barabara tu.

Walipokaribia kituo, kope za Raka zikaanza kulegea.

"Mama, nakuona wawili."

"Basi leo una mama wawili," Idau alisema. "Tulia, tukushike vizuri."

Sista Konio aliwapokea mlangoni. Hakuufungua mguu mpaka dawa ilipokuwa tayari. Aliuliza nani amefunga vile.

"Mimi," Gima alisema. "Lakini nilikuwa naamrishwa."

Dawa ikaingia mshipani tone kwa tone. Hata hivyo Raka alizidiwa kwanza. Kope zilifumbika kabisa, sauti ikapotea, pumzi ikawa ndogo. Sista hakuondoka kando ya kitanda chake mtoto, na kifaa cha kusaidia kupumua kilikuwa mkononi mwake. Alimweleza Idau bila kumficha kwamba sumu iliyokwisha kufika huchukua muda kuondoka, ila dawa imeikuta kabla haijamaliza kazi yake. Idau aliketi sakafuni. Gima aliketi nje, penye ngazi, bila shati. Hakuna aliyemwambia abaki, wala aende.

Baada ya siku chache, asubuhi, Raka alifumbua jicho moja. La pili likakataa. Aliangalia dari, akamwona mama yake.

"Kuku alipatikana?" aliuliza, kwa sauti ya kukwaruza.

Idau akacheka, akalia, akashindwa kujua anafanya lipi. Sista Konio akageukia dirishani, akakaa huko kidogo.

Walipomrudisha Raka nyumbani, rundo la makumbi halikuwepo. Dairi na vijana walikuwa wameyachukua yote mbali na nyumba. Viazi vilikuwa vimeinuliwa juu ya kichanja. Nyasi za njia ya shule zilikuwa zimefyekwa pande zote mbili. Idau mwenyewe aliongeza yaliyobaki. Makombo hayakutupwa tena chini ya nyumba. Chandarua kilichomekwa chini ya mkeka kila jioni. Na giza likiingia, hakuna aliyeshuka bila tochi.

Juu ya moto wa mlimani, wanaume walikubaliana neno moja, na Dairi ndiye aliyelisema mbele ya kanisa. Kuanzia sasa, kabla ya kuwasha, kengele itagongwa. Watoto watatolewa mashambani kwanza, na upepo utatazamwa usielekee kwenye nyumba. Mzee mmoja akamuuliza nani atakayekuwa akigonga kengele.

"Mimi," Dairi alisema. "Nimezoea kusukuma, kuvuta kamba ya kengele hakutanishinda."

Watu wakacheka, naye akacheka nao, lakini macho yake yalikuwa chini.

Jumapili ya kutoa shukrani, Idau alipeleka viazi vikuu vya kwanza madhabahuni. Alishukuru kwa dawa, kwa Sista, kwa barabara, kwa mikono iliyochana shati. Mchana akapika viazi vingine kwa tui zito, akaweka samaki juu, akafunika kwa jani. Akaenda nyumbani kwa Gima, Raka nyuma yake.

Gima alikuwa ngazini. Idau aliweka chakula mbele yake, akabaki amesimama.

"Siku ile ya Vagi," alisema, "hakuna aliyemtuma nyoka. Sisi ndio tuliomchelewesha. Nimekuja kukushukuru kwa ajili ya Raka, na kukuomba radhi kwa ajili ya baba yake."

Gima aliinamia chakula. Alifunua jani kidogo, akalifunika tena.

"Siku ile gari langu lilikuwa linawaka," alisema mwishowe. "Nilipoitwa, nilidhani naitwa kumpeleka. Nilikuja na ufunguo mkononi."

Idau akakaa chini palepale, ngazini. Mkewe Gima akatoka, hakuuliza kitu, akaketi kando yake. Baada ya muda akaleta sahani tatu na moja ndogo, wakala pamoja. Gima akasema tui lina chumvi kidogo. Raka akamwambia wagonjwa hawaruhusiwi chumvi nyingi. Gima akauliza mgonjwa ni nani hapo, maana anaona mtoto mwenye kipande cha pili cha samaki mkononi.

Asubuhi iliyofuata Idau alishika fimbo yake kama kawaida. Hapakuwa na rundo la kugonga. Aligonga ngazi, akafumba macho.

"Tayari, mama?"

Alipofumbua macho, aliona mwili mweusi unatoka penye mipopoo ya Gima. Mstari wake mwekundu ulikuwa uking'aa juani. Ulipita taratibu kwenye mpaka, ukatambaa ukingo wa shamba, ukazama kwenye nyasi kuelekea mlimani. Idau alisimama tuli. Fimbo haikuinuka.

"Umeona?" Raka alinong'ona kutoka mlangoni. "Wala hakukutazama."

"Nimeona."

"Sasa nishuke?"

"Bado, mwanangu," Idau alisema. "Sijamaliza kushukuru."